Simba wa Upawa wa Namboboto

Magoti yangu ndiyo yaliyostaafu, mimi nilifuata tu. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini hawakusema kwamba ukiinama miaka thelathini juu ya magunia ya vijiko, siku moja utainama na ubaki huko huko mpaka mwenye duka aje akuinue kwa makwapa. Hayo yalinipata Malaba, mchana, mbele ya madereva wa malori waliokuwa wanakula mahindi. Walipiga makofi. Nikajua basi, imetosha.

Tangu siku hiyo nyinyi mliobaki kwenye kazi hii hamnipi nafasi. "Mama Vijiko, hii ni fedha ama si fedha?" Mnanitumia picha zenye giza, kidole kimefunika nusu, halafu mnataka jibu kabla mwenye duka hajaamka kwenye usingizi wa mchana. Sasa naandika mara moja, msome, mniache nilime mihogo yangu hapa Sigalame.

Nikisema fedha simaanishi pesa. Namaanisha yale madini meupe ambayo wazungu wa zamani walitengenezea vijiko, birika na bakuli za sukari, halafu wajukuu wao wakavitupa pamoja na sufuria mbovu, vikaingia kwenye mtumba, vikafika Busia vikiwa vyeusi kama masizi. Kazi yangu ilikuwa kuvitambua kabla muuzaji hajavitambua. Mchungaji wangu aliwahi kuniuliza kama huo si wizi. Nilimwambia mimi naokota kilichotupwa na kudharauliwa, kama yeye anavyookota wenye dhambi, tofauti ni kwamba mimi nalipa. Hakuniuliza tena.

Nilianza nikiwa mjinga kamili. Nilikuwa na meza ya vyombo vya mtumba Burumba: sahani, vikombe vilivyoachana na wenzao, na ndoo nzima ya vijiko. Akaja mzee mmoja mwembamba mwenye kofia nyeupe, akachokorachokora ndoo, akatoa kijiko kimoja cheusi na kizito, akanipa bei ya chapati mbili. Sikubishana. Nilifurahi hata, kwa sababu kijiko chenyewe kilikuwa kinachafua vingine.

Kesho yake akarudi.

"Binti," akasema, "jana umeniuzia simba kwa bei ya chapati."

Nilidhani ni mgonjwa. Akatoa mfukoni lenzi ya fundi saa, akaniambia niibane kwenye jicho, akanipa kijiko. Nyuma ya mpini, mahali ambapo mimi niliona uchafu tu, kulikuwa na simba. Mdogo kuliko punje ya mtama, anatembea, mguu mmoja wa mbele juu, kama anayeogopa kukanyaga matope. Mzee akaeleza kwamba alama hiyo waliigonga Waingereza kwenye fedha halisi. Pasipo na simba, usilie haraka, lakini penye simba, shikilia.

Huyo ndiye Mzee Hamisi, sonara. Duka lake pale mjini lilikuwa na upana wa mlango wake, na ukiingia yeye alilazimika kuvuta tumbo ndani, na tumbo lenyewe hakuwa nalo. Siku hiyo, pale mezani kwangu, nilimkaripia. Nikamuuliza kama amekuja kunicheka au kunirudishia kijiko.

"Sikurudishii kitu," akasema. "Nimekuja kukupa kazi. Mimi wakiniona nimeinama, hata mwiko wa mbao unapanda bei. Wewe ni mama wa vijiko. Nani atakushuku?"

Nilikasirika mpaka saa saba, kisha nikakubali.

Vyombo vya kazi hii ni vichache na vyote vinaingia kwenye mkoba wa kanisani. Lenzi. Sumaku, ambayo mimi niling'oa kwenye spika ya redio iliyokufa. Ikishika kijiko, kirudishe, hicho ni chuma. Isiposhika usishangilie, kwa sababu hata shaba haishikwi. Halafu pua. Sugua kwa kidole gumba mpaka pawe na joto, unuse. Shaba inanuka kama sarafu iliyokaa mkononi mwa konda, fedha hainuki. Nyinyi mna simu za kutafuta kila kitu, lakini simu hainusi. Ukiwa karibu na wauza samaki, omba kipande cha barafu, kiweke juu ya kijiko. Kwenye fedha kitayeyuka haraka mpaka udhani kuna moto chini. Na ukikuta herufi E, P, N na S zimeandikwa pamoja, jua ni madini duni yaliyopakwa fedha juu juu. Mimi mwanzoni niliona herufi nyingi nikadhani ndiyo thamani zaidi. Nilibeba sinia lenye herufi hizo kutoka Malaba hadi Busia nimelikumbatia kama mtoto mchanga. Mzee Hamisi alilitazama akasema litafaa sana kwa kupepetea mchele.

Kosa langu kubwa la mwaka wa kwanza ni la malezi, na namlaumu mama yangu, Mungu amweke pema. Mimi nimelelewa kwamba sufuria isiyong'aa ni tusi kwa mgeni. Msichana anajulikana kwa mgongo wa sufuria yake. Basi nilipopata bakuli la sukari pale Malaba, jeusi, lina simba wake mzuri, nikaona aibu kumpelekea mzee kitu kichafu. Nikachukua majivu, nikachukua waya, nikakaa kwenye kigoda nikasugua kwa moyo wangu wote. Liling'aa. Ungeweza kujitazama ukapaka mafuta.

Mzee Hamisi aligeuza bakuli, akaweka lenzi, akaitoa, akaipangusa, akaiweka tena.

"Simba yuko wapi?"

"Alikuwa hapo."

"Ajiambo, umemkwangua." Akakaa chini. "Umemsugua akaenda. Sasa hili ni bakuli tu, kama mabakuli mengine."

Aliniambia weusi ni nguo ya fedha, na mtu mzima hamvui mwenzake nguo bila ruhusa. Kwa wiki mbili alinifanya nisafishe vitu kwa kitambaa laini na mate. Ndiyo, mate. Mnaoona kinyaa mrudi kwenye kuuza nyanya.

Kununua nako kuna adabu yake. Kile unachokitaka usikiulize bei, wala usikitazame mara mbili. Kwanza chukua sahani sita za bati ambazo huzitaki. Zilalamikie. Tafuta mahali zilipobanduka rangi, uonyeshe, usikitike kama uliyefiwa. Bishana mpaka muuzaji akuchukie kidogo. Halafu, ukiwa umeshalipa na unaondoka, chomoa kijiko chako cheusi useme, "Na hiki niongezee." Muuzaji wa kwetu hawezi kukataa kuongeza, ni aibu. Wauzaji wa kutoka ng'ambo ya Uganda ndio wepesi zaidi. "Chukua, nyabo, uende salama." Fedha nyingi nilizopata maishani sikununua, niliongezewa. Nyumbani kwangu kuna sahani za bati za kutosha harusi tatu.

Lakini Mzee Hamisi alikuwa na sheria moja ambayo hakuifanyia mzaha. Mnajua desturi ya huku. Kukiwa na matanga, vyombo vya kijiji kizima vinakusanywa kupikia waombolezaji, kwa hiyo kila mama anatia alama yake: nukta ya rangi ya kucha, herufi ya msumari, mkato wa kisu, ili sufuria ijue njia ya kurudi kwao. Mzee alisema hivi: "Cha mtumba kimevuka bahari, mwenyewe ameshakisahau. Chenye alama ya matanga kina mwenyewe, na yuko karibu, na anakitafuta. Usikiguse hata kikiwa na simba kumi."

Nilimtii mpaka alipofariki. Tulimzika siku ile ile, kama ilivyo kwao, nikarudi nyumbani na lenzi yake ambayo watoto wake walinipa. Kisha nikaendelea na kazi peke yangu miaka mingi, na mtu akifanya kazi peke yake huanza kujisikiliza mwenyewe tu.

Sasa nifike kwenye upawa.

Nilikuwa kwenye duka la vitu kuukuu Burumba, kwa jamaa tuliyemwita Boss, ambaye alinunua chochote kutoka kwa yeyote na hakuwahi kuwa na kumbukumbu. Kwenye karai la chini kabisa, chini ya vibao vya mbuzi vya kukunia nazi ambavyo sijui nani Busia angevinunua, nikagusa mpini. Uzito wake uliniambia kabla macho hayajafika. Ulikuwa upawa mkubwa wa kupakulia mchuzi, umepinda kidogo shingoni, na nyuma yake simba, mnene, safi, mguu juu. Kwenye ncha ya mpini mtu alikuwa ametoboa tundu kwa msumari. Na kando ya tundu, misalaba miwili midogo ya rangi ya kucha, myekundu.

Niliiona ile misalaba. Nataka mjue hivyo. Sikuwa na cha kusingizia.

"Hii ilitoka wapi, Boss?"

"Mtu tu."

"Mtu gani?"

"Wa kofia. Mama, unanunua ama unaandika habari?"

Busia nzima ina kofia. Nikanunua beseni, nikanunua thermosi isiyo na kifuniko, nikaongezewa upawa. Njiani nikapita kwa saluni, nikaomba tone la dawa ya kutoa rangi ya kucha, nikaifuta misalaba yote miwili pale pale kwenye benchi, dada wa saluni akiniangalia. Halafu nikampigia mama mmoja wa Nairobi, mteja wangu, anayenunulia watu wenye makabati ya vioo. Nikamtumia picha, akanipigia kabla sijaweka simu chini. Akasema atakuja Jumamosi mwenyewe, nisimwonyeshe mtu. Bei aliyotaja ingeweka mabati mapya juu ya nyumba yangu yote na kubakiza ya choo. Nyumba yangu wakati huo ilivuja mahali saba, na pa nane palikuwa juu ya kitanda.

Alhamisi ya wiki hiyo kulikuwa na matanga ya shangazi yangu Namboboto. Nilifika asubuhi. Nyuma ya nyumba, chama cha akina mama cha hapo kilikuwa kimeshawasha mafiga, masufuria makubwa yanachemka, kelele kama kawaida. Lakini kando, karibu na ua wa michongoma, mama mmoja mzee alikuwa amekaa peke yake anamenya ndizi. Hakuna aliyemsogelea. Mimi na mdomo wangu nikaenda kukaa karibu naye.

"Mama, mbona umekaa huku mbali na jiko?"

"Kwani hujaambiwa?" Hakuinua macho. "Mimi ni mwizi."

Nilicheka, nikidhani ni utani wa matanga. Yeye hakucheka. Aliitwa Mama Taaka. Kwa miaka mingi alikuwa ameshika ufunguo wa stoo ya vyombo vya chama, na hata kijiko cha chai hakikuwahi kupotea mikononi mwake. Halafu baada ya matanga fulani upawa mmoja haukurudi. Walimpa muda autafute, hakuupata, wakamnyang'anya ufunguo, wakamtoa chamani.

"Upawa wa namna gani?" nikauliza.

"Ule uliachwa na bibi mmoja mzungu wa misheni alipokuwa anarudi kwao, ndani ya sanduku la vyombo. Mzito, shingo imepinda. Tundu nilitoboa mimi mwenyewe niutundike. Na misalaba yetu miwili, ya rangi ya kucha." Akachora hewani kwa kisu. "Wanasema niliupeleka Uganda nikauza. Mimi! Hata Uganda kwenyewe nilienda mara moja tu, kuzika."

"Watasahau, mama."

"Upawa watasahau." Akatupa ganda. "Lakini chama ndicho kinampikia mtu akifa. Nimepikia watu wa hapa tangu nikiwa bibi arusi. Wazuri, wabaya, hata yule aliyekuwa ananikopa chumvi bila kurudisha, nilimpikia. Mimi nikifa, atanipikia nani? Watoto wangu wako mbali. Waombolezaji watakuja wakae njaa, waondoke wakisema, ona, hata majirani walimkataa."

Nawaambia ukweli, nilimenya ndizi tatu bila kuona nilichokuwa namenya. Mwenyewe niliona aibu, aibu ya kuwasha, kama upupu ndani ya nguo. Nikainuka nikasema naenda kujisaidia, nikachukua pikipiki mpaka Sigalame. Njia nzima nilikuwa najibizana na nafsi yangu kwa sauti. Nikasema mabati. Nikasema atanipikia nani. Nikasema saba, nane juu ya kitanda. Mwenye pikipiki akageuka akasema, "Mama, nauli ni ile ile tuliyoelewana, usijisumbue."

Niliutoa upawa chini ya godoro, nikaufunga kwenye leso, tukarudi. Mpango wangu ulikuwa wa kijanja: nipenye stoo, niutundike kwenye msumari, nijifanye sijui lolote. Nilikuwa nimeshashika kitasa cha stoo ndipo nikaona ujinga wa mpango huo. Upawa ukionekana wenyewe, wangesema Mama Taaka ameogopa akaurudisha. Ningemwibia mara ya pili.

Basi nikaenda mpaka katikati ya mafiga, nikafungua leso.

"Upawa wenu ni huu. Nilinunua Burumba kwa duka la vitu kuukuu. Nani aliupeleka pale sijui. Lakini niliona misalaba yenu, nikajua una wenyewe, na nikaifuta kwa mkono wangu. Mama Taaka hakuiba kitu. Mwizi wa karibu mnayemwona ni mimi."

Aliyekuwa anakoroga maharagwe akauacha mwiko ndani. Mwenyekiti wao, mama mmoja mwenye mikono ya kunyanyua debe mbili, akauchukua upawa, akaangalia tundu, akaangalia shingo.

"Sasa wewe," akasema, "mtu mzima, ulikuwa unataka upawa wa maharagwe wa nini?"

Ikabidi niwaeleze habari ya fedha, na simba, na makabati ya vioo. Lenzi ikazunguka jicho kwa jicho. "Ai! Kweli ni simba!" "Mimi naona mbwa." Nilipotaja bei, mweka hazina alikaa juu ya kuni. Alipopata pumzi akasema uuzwe, leo, saa hii, chama kinunue hema na viti.

"Hauuzwi," akasema Mama Taaka.

Alikuwa amekuja na kisu chake cha ndizi bado mkononi.

"Mama, fikiria, hema..."

"Ukiuzwa, mwaka ujao mtasema tena niliumeza. Utapakua hapa, kila matanga, kila mtu auone. Hema mtanunua na pesa zenu." Akanigeukia. "Na wewe. Kwa kuwa unapenda vyombo vya watu, utaviosha. Kila matanga, mpaka tuseme basi."

Wakampa ufunguo wake. Mwenyekiti alimpa kwa mikono miwili, akakunja goti. Rangi ya kucha mpya niliinunua mimi, na misalaba nikaichora mimi, mbele yao, na wakaniambia wa pili umepinda. Yule mama wa Nairobi nilimpigia nikamwambia asije. Alinitukana kwa Kiingereza kirefu. Nilimwacha amalize, nikamwambia amen.

Hawajawahi kusema basi. Kwa hiyo miaka yote iliyobaki ya kazi yangu, na mpaka leo, nyumba yangu ikiwa bado inavuja, nimekuwa nikienda Namboboto kusugua masufuria. Na wanawake wa Namboboto hawajui habari ya kitambaa laini na mate. Wana majivu na waya, na Mama Taaka alikuwa anasimama nyuma yangu. "Ongeza nguvu. Hapo bado." Kila nilipogeuza upawa nilimtazama simba. Kwanza mkia ulienda. Kisha kichwa. Mwaka jana alikuwa amebaki mguu mmoja, ule wa juu, kama anayeaga.

Mwezi uliopita Mama Taaka alifariki. Nilienda na magoti yangu haya. Chama kizima kilikuja, mafiga saba, na wale wa vijiji vya jirani wakaja na kuni zao bila kuitwa. Watu walikula mpaka wakafungua mishipi, na mwenyekiti alipakua mchuzi kwa ule upawa kuanzia mtu wa kwanza mpaka wa mwisho, hakuushika mtu mwingine. Wengine walirudi kwenye foleni mara mbili, na hakuna aliyewafukuza. Nililia, nikala, nikalia tena.

Walipomaliza wakaniletea vyombo, na upawa ukiwa juu. Hakukuwa na mtu wa kusimama nyuma yangu. Nilikuwa na lenzi ya Mzee Hamisi kwenye mkoba, na kitambaa chake laini pia. Nikachukua majivu, nikachukua waya, nikasugua mpaka mkono ukauma, hapo hapo penye ule mguu. Kisha nikausuuza nikaugeuza juani. Hapakuwa na simba tena, wala cha kuuza Nairobi. Uling'aa, una shingo iliyopinda na misalaba miwili myekundu, wa pili umepinda. Nikaingia stoo nikautundika kwenye msumari wake.